Gauni la Bandi

Jumatatu, 3 Juni

Daktari wa moyo kasema mishipa mitatu ya mume wangu imeziba. Atatoa mshipa mguuni, aushone moyoni, damu ipate njia ya kuchepukia. Mzee, fundi cherehani tangu ujana, kauliza swali moja tu: kitambaa cha miaka themanini na moja kinashika uzi? Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Umri peke yake haumzuii, alisema. Ataangalia figo, mapafu, na anavyotembea. Hatari ipo, kubwa kuliko kwa kijana. Lakini wazee wengi hupona.

Wengi. Nimelibeba neno hilo mpaka nyumbani.

Ijumaa, 7 Juni

Vipimo vizuri. Binti yetu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba yake: ukuta wenyewe wa udongo, mama! Lakini kuvua viatu tu anahema. Kaniuliza mimi nasemaje. Nikaanza kukunja vitambaa. Naogopa.

Mchana nilisinzia kando ya cherehani. Nikaota chumba kimejaa kitambaa cheupe, yeye yuko upande wa pili, simwoni, nasikia mkasi tu. Nilipoamka alikuwa ananipima mabega. Tulia, alisema, nakukatia gauni.

Nikamwambia akapasuliwe.

Jumatatu, 10 Juni

Wodini. Muuguzi kamkuta kajichora kwa chaki ya ushonaji — mstari kifuani, mwingine mguuni. Kaacha na nafasi ya mshono! Wodi nzima ilicheka. Muuguzi alimfuta taratibu kwa sabuni. Mimi nililia chooni.

Gauni kanikabidhi. La kijani, zuri. Ubavu wa kushoto kaupiga bandi tu, mshono wa muda wa kushikiza.

“Usimpe fundi mwingine,” kaniambia. “Nikitoka nitalimalizia mwenyewe.”

Jumanne, 11 Juni

Kaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi. Gauni nimelivaa.

Korido ndefu, nyeupe, kimya. Kama kile chumba cha ndotoni — najikuta nategea sikio mkasi. Bandi inaachia kidogo kidogo kila nikivuta pumzi. Binti kaona, sindano anayo mkobani, anataka anishonee mara moja. Nimekataa. Anadhani nimechanganyikiwa. Labda. Nakaa wima, sigeuki, daftari pajani. Mkono mmoja unaandika, mwingine umeshika ubavu.

Mlango umefunguka. Daktari anatutafuta kwa macho. Binti keshasimama, ananiita. Lazima nami nisimame — polepole, mwanangu, usinivute — uzi —