Bi Kidevu Hakufa

Baba Zena,

Hali yangu si njema, na sababu ni wewe, kwa hiyo usitegemee salamu ndefu. Leo ni arobaini yako. Wali umeliwa, dua zimesomwa, na wageni wote wamesema ulikuwa mtu wa amani. Nilikuwa nyuma ya pazia nikiwasikia, nikasaga meno. Mtu wa amani! Nusura nitoke na eda yangu niwaambie waje wamwone Bi Kidevu.

Naandika kwa zile herufi za Kiarabu za chuoni ulizozicheka, ukasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku kwenye majivu. Leo utazisoma hivyo hivyo.

Unakumbuka tangi la samaki lilivyoingia nyumba hii? Mzungu mmoja wa kazini kwako reli alikuwa anarudi kwao, na kioo kimoja kilikuwa na ufa, akataka kulitupa. Ukalibeba kichwani mpaka Kibra, ukaziba ufa kwa lami, ukaliweka sebuleni pale palipokuwa na kabati langu la vyombo. Hukuniuliza. Nilinuna siku mbili. Kisha ukarudi na treni ya mizigo kutoka Kisumu, umekumbatia debe la maji, na ndani mna fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, dume mmoja wa buluu na majike wanne wa rangi ya vumbi. Dume lilipokunjua mapezi yake mbele ya taa nikasahau kununa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, kusahau upesi.

Mwanzo hukujua kitu, tuseme ukweli. Ulitia ngege mle, akawang'ata wenzake mapezi mpaka tukamla kwa ugali. Ukatia kambare mdogo mpole, hatikisiki, na asubuhi jike mmoja hayupo na kambare ameshiba. Hapo ukaanza kuwa mwalimu. Samaki usimchague kwa uzuri, ukasema, mtazame mdomo, kwa sababu mwenye mdomo mkubwa atammeza anayeenea humo hata kama hana ubaya naye. Mtazame anapenda kukaa wapi. Ngogo anakaa chini, fulu wako katikati, hawagombanii kitu, kwa hiyo ngogo akaruhusiwa. Ukasema madume wawili kwenye tangi dogo watauana, lakini dume mmoja na majike kadhaa ni raha mustarehe. Nilicheka. Nilidhani tunazungumza habari za samaki.

Na mgeni! Jinsi ulivyomhangaikia samaki mgeni! Siku saba anakaa ndani ya chupa, chupa imening'inizwa ndani ya tangi, watazamane kupitia kioo mpaka wazoeane. Siku ya kumfungulia, kwanza unatoa mawe yote na kuyapanga upya, ili wenyeji wasiione kona yoyote wakasema hii yangu. "Wote wawe wageni siku moja," ulikuwa ukiniambia, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Na mimi nimeshika taulo nikikuona una hekima.

Halafu Bi Kidevu. Nilimpa jina mimi, kwa sababu akibeba mayai mdomoni kidevu chake huvimba na hali chakula siku nyingi, na pezi lake la mgongoni lilikuwa na mkato. Nikampenda kuliko wote. Siku moja nimerudi kisimani, hayupo. Ukaniambia amekufa, umemzika chini ya mpapai. Nikamshuku paka wa Bi Saida. Nikaenda ng'ambo ya ua, nikamtukana jirani yangu mbele ya watoto wake, na paka nikampiga ufagio. Bi Saida hakunisemesha mwaka mzima. Na wewe ulikuwa umekaa barazani unakunywa chai! Hukufungua mdomo kumtetea hata paka.

Kila Jumamosi usiyokuwa na safari unakwenda Kawangware kutafuta mawe ya mtoni. Mawe ya huko ni laini, hayamkwaruzi samaki. Nami naamka alfajiri nakupikia gurusa, mikate yetu myembamba, nazifunga kwenye kitambaa usije ukaona njaa njiani. Baba Zena, tangi lina mawe tisa. Tisa! Na Jumamosi zote zile!

Siku ya kumi na saba baada ya kukuzika, Zena akafungua mlango, akaniita kwa sauti nisiyoijua. Mwanamke amesimama nje, tumbo liko mbele, mikononi ana chupa kubwa ya peremende imejaa maji. Nikamtazama samaki kabla ya kumtazama mtu. Pezi lina mkato. Nikajua yote pale pale mlangoni, hakuna aliyehitaji kunieleza.

"Mama Zena," akasema, "mimi ni Mariamu wa Kawangware. Huyu ni wako. Baba Zena alisema siku yoyote yeye hayuko, nikuletee, wewe ndiyo unajua kumtunza."

Kwa hiyo mlikuwa mkinizungumza. Yeye alikuwa na jina langu, na samaki wangu, na gurusa zangu alikula, na mimi sikuwa na chochote chake, hata tetesi. Fulu ulimpa siku saba za kumtazama mwenzake kupitia kioo. Mimi ulinipa nini? Ningelia, ningevunja vyombo, ningerudi kwa mama miezi miwili, lakini ningejua! Ningekugombeza ukiwa hai unanisikia. Sasa namgombeza nani? Umenyamaza vizuri sana huko uliko.

Kaka yake Mariamu amemfukuza tangu aliposilimu ukamwoa, alimwambia awaendee hao aliowachagua. Hana pengine pa kukaa eda. Nikampa chumba cha nyuma, kwenye magunia ya mkaa, na nikamwambia ni mpaka arobaini tu. Bi Saida akanionya. Karatasi ya ruhusa ya kukaa Kibra ina jina lako, hatujui hata mimi na Zena watatuambia nini ofisini, sembuse kuongeza mtu. Nikasema sawa, arobaini ikipita anaondoka. Chupa nikaiweka dirishani. Chakula nilimpelekea, neno sikumpa.

Juzi maji ya chupa yakaanza kunuka, na Bi Kidevu akawa anahemea juu. Nikaitia chupa ndani ya tangi kwa hasira, dume likaja mbio likagonga kioo kwa kichwa. Kulikuwa na mtu nyuma yangu. Mariamu, bila kuitwa, amekunja mikono ya gauni.

"Siku saba hatafika," akasema. "Tutoe mawe, Mama Zena. Wote wawe wageni siku moja."

Maneno yale yale. Sikuyapata peke yangu hata hayo! Nilitaka kumpiga kwa taulo. Badala yake nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, na sikulia kwa kukukumbuka, nililia kwa hasira, ujue hivyo. Yeye akalia pia. Kisha tukatoa mawe tisa, moja moja, tukayapanga vingine, tukamfungulia. Dume likazunguka, likatafuta kona yake, halikuiona. Likaacha kumfukuza.

Leo wageni walipoondoka, Mariamu alikuwa amefunga nguo zake kwenye kitambaa, amekaa mlangoni ananingoja niseme. Tumbo lake halifiki Kawangware kwa miguu, na hata likifika, kuna nani? Nikamwita Zena. Tumetoa kila kitu chumba cha mbele, kitanda chetu cha kamba, sanduku, mkeka, tukafagia, tukavirudisha kwa mpango mwingine kabisa. Kitanda kiko upande wa dirisha sasa na ni cha Mariamu mpaka ajifungue. Ofisini tutakwenda wote watatu. Kabati langu la vyombo limerudi sebuleni.

Bi Saida nimemwomba radhi kwa habari ya paka. Ilikuwa zamu yako hiyo, lakini basi.

Sijakusamehe. Naahidi mtoto wako hatalala na njaa katika nyumba hii, na siku akiuliza wewe ulikuwa mtu gani nitamwambia yote, mazuri na yale ya mawe ya Kawangware. Barua hii naikunja niiweke chini ya mguu wa meza ya tangi, maana inayumba na hakuna aliyeitengeneza tangu uende.

Lala salama, Baba Zena. Na ukija ndotoni, piga hodi kwanza. Vitu vyote tumevihamisha, na kona yako haipo tena.

Mama Zena