Namba Niliyoitega

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji kageuza kompyuta nilipoingia ofisini. Eti anasahihisha majaribio ya mwaka wa kwanza! Majaribio gani hayo yenye namba ya kujaza kioo kizima? Niliiona. Ni namba yangu. Programu yake inaichota kutoka kwenye faili letu la pamoja.

Miaka yote nahangaika nayo. Vipimo vinasema si namba tasa, lazima kuna vigawo, namba mbili zilizozidishwa zikaizaa. Zipi? Kimya. Ni kama kujua chungu kinavuja na ufa huuoni. Na Mkuu wa idara alishasema: atakayeivunja ndiye atakayepata ajira ya kudumu. Nafasi ni moja, sisi wa mkataba ni wawili. Nani alimleta shemeji hapa? Mimi, kwa ajili ya mdogo wangu, mkewe. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumanne, 4 Machi

Kaniuliza, kwa upole mno, nimeshatafuta vigawo hadi wapi. Nikamwambia sikumbuki. Upole wa nini?

Alhamisi, 6 Machi

Nimemtega. Kwenye faili la pamoja nimebadilisha nafasi za tarakimu mbili zinazofuatana, basi. Ile halisi ninayo mimi, na Mkuu ana nakala yake. Nilijaribu jozi kadhaa hadi nikapata namba isiyogawanyika kwa vigawo vidogo vidogo, asije akashtuka.

Shemeji huhakiki kwa tisa tu. Anajumlisha tarakimu, anagawa kwa tisa, anatazama baki. Ukipindua tarakimu jumla haibadiliki. Hatagundua ng'o! Acha avunje namba isiyo na faida kwa mtu.

Jumatano, 12 Machi

Anapiga mluzi. Kaniletea chai bila kuombwa — sikuinywa. Ameomba nafasi ya kuzungumza kwenye kikao cha Ijumaa. Kanasa! Nimefurahi mpaka nikajionea haya kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu kapiga simu. Dada, usimwambie nimekwambia. Mume wake ameivunja namba, na karatasi kaiandika kwa jina langu tu. Anasema bila mimi angekuwa bado anazunguka na bahasha ya vyeti. Kesho anataka kunishtukiza mbele ya watu.

Nikasema ahsante. Halafu nikawaza: kwa nini aniambie leo? Wamepanga nini hawa wawili?

Nikaenda kwa katibu wa Mkuu. Karatasi imeshafika. Jina langu, hakuna lingine. Chini yake namba ya uongo.

Nimekaa ngazini muda mrefu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Nimwambie nini? Kwamba nilikutega, shemeji yangu? Nimeshika simu, nimeiweka. Naogopa. Nina aibu, na aibu hii inaniuma.

Ijumaa, 14 Machi — kikaoni

Naandika hapa hapa, mstari wa nyuma. Sikumwambia. Asubuhi nilimkuta mlangoni kavaa koti alilofungia ndoa, nikashindwa.

Kaandika ubaoni vigawo viwili virefu. Kimoja ukikigawa kwa tisa kinabaki tano, cha pili nane. Tano mara nane, arobaini, baki nne. Mkuu kafungua nakala yake ya zamani, kajumlisha tarakimu. Baki nne! Makofi. Shemeji kataja jina langu, watu wote wakageuka. Mdogo wangu, aliyealikwa na mumewe, yuko hapa pembeni analia kwa furaha.

Mkuu kasema, kwa raha zake tu, hebu tuhakiki na kwa kumi na moja. Anajumlisha tarakimu moja, anatoa inayofuata, anajumlisha, anatoa. Kwa kumi na moja, ukipindua tarakimu baki hubadilika. Kalamu imesimama. Anafuta. Anaanza upya.

Shemeji bado anatabasamu. Ananiita kwa sauti: "Shemeji, njoo umsaidie Mkuu. Namba ni yako hii."

Mdogo wangu ameshasogeza miguu nipite.