Kengele ya Shimo la Saba

Kinbrae, Jumapili baada ya kanisa

Mdogo wangu Lachlan,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai huko Aberdeen u mzima, na baridi ya bandarini haijakuingia kifuani. Sisi tunaendelea, ila Mama chakula hakimshuki tangu uondoke. Supu ya shayiri anaipika, kisha anaitazama tu.

Mzee Wedderburn bado yu kitandani kwake. Wiki ya tatu hii tangu mpira wako wa gofu umpige kichwani, na hamjui mtu. Kilabuni wameshakuhukumu: eti ulipiga mpira kuvuka kilima bila kungoja kengele, wala hukupaza ile sauti ya "Foo!" ya kumwonya aliye mbele. Akifa watakuita muuaji mpaka unaingia kaburini. Naogopa, ndugu yangu. Naogopa asipoamka, na naogopa zaidi akiamka.

Alhamisi mkewe, Bibi Effie, aliniita. Mzee ameanza kuweweseka, na maneno yote ni ya gofu, ilhali Bibi Effie katika miaka arobaini ya ndoa hajashika fimbo hata siku moja. Alinimiminia chai akasema, "Innes mwanangu, wewe ndiye uliyecheza naye siku ile. Hebu nifasirie, maana mie naona kama nimelala na kasuku!"

Mwanzoni tulicheka. Mzee akisema "pa", namweleza ni idadi ya mapigo ambayo mchezaji hodari hutarajiwa kumalizia shimo. "Bedi" ni kupunguza pigo moja, "bogi" ni kuzidisha moja. "Aa, bogi basi ndizo zake!" akasema Bibi Effie huku akijifuta machozi. Kisha mzee akatamka, "Kengele." Chai ikanimwagikia magotini. Bibi Effie akauliza kengele ni ya nini kwenye gofu. Nikamwambia hupigwa kumpongeza mshindi.

Wewe waijua kazi yake, Lachlan. Waliotangulia huipiga wakishaondoka shimoni, kuwajulisha walio nyuma ya kilima kwamba njia ni nyeupe. Uliwaapia wazee wa kilabu kwamba uliisikia, nami nikasimama mbele yao nikasema sikuipiga. Niliipiga. Mvua ilikuwa imeanza, nikavuta kamba kwa haraka nikidhani mzee yuko nyuma yangu. Kumbe alikuwa amerudi shimoni kufuata kiko chake. Wewe huna kosa lolote.

Leo nimemkuta Bibi Effie na kengele ndogo ya mezani. Anaipiga karibu na sikio la mumewe, kumpongeza mshindi wake, na kila inapolia mzee anainua mkono kujikinga kichwa. "Mtazame," akaniambia, "anafurahi!" Nikamshika mkono asiipige tena, nikamwambia yote. Nilipoondoka alikuwa ameipakata kengele, ameubana ulimi wa kengele hiyo kwa vidole isilie.

Kesho asubuhi nakwenda mbele ya wazee wa kilabu kusema haya haya niliyoyaandika. Barua hii itunze, mtu asije akakuita mwongo tena.

Mama anakusalimu sana, na jirani Jessie pia. Mama bado hajui. Rudi nyumbani, mdogo wangu, maana kumwambia peke yangu siwezi.

Ni mimi kaka yako niliyekukosea,
Innes Geddes