Kiingereza Kilipomtoka Mzee wa Takawiri

Baba Robi mpenzi,

Mko aje hapo Isebania? Robi ameacha kukohoa? Niambie ukweli, usinifiche kwa sababu niko mbali. Simu ya posta ilikatika kabla sijakuuliza. Mwili wangu ni mzima, ila siwezi kutulia. Nafungua kitabu, nakifunga. Nachemsha chai, inapoa nikiwa nimesimama dirishani natazama mvua ya Uingereza.

Unajua udaktari ninaousomea si wa sindano. Ni wa kupima jinsi ubongo ulioumia unavyofanya kazi: mtu anakumbuka nini, anaelewa nini. Majuzi nilitumwa wodini kumpima mzee aliyepatwa na kiharusi. Alikuwa baharia, ameishi huku tangu ujana. Madaktari walisema akili imekwisha, anabwabwaja tu, apelekwe kwenye nyumba ya wazee waliopotewa na akili.

Nilipovuta kiti akanishika mkono. "Nyathina, miya pi."

Nilikaribia kulia. Mzee alikuwa anaomba maji tu! Nikampa, tukaongea Kijaluo mpaka chakula cha mchana kikaletwa. Alizaliwa kisiwani Takawiri. Alinieleza vile mamake alivyokuwa akianika dagaa wa omena, akanitajia ndugu zake wote kuanzia kifungua mimba. Nilipomwambia nimeolewa na Mkuria, akauliza, "Na nyumbani mnaongea nini?"

"Kiswahili."

Akacheka. "Basi hamtagombana sana. Hakuna mwenye lugha ya kumshinda mwenzake."

Nikaenda kwa profesa wangu nikamwambia akili ya mzee iko sawa, Kiingereza ndicho kilichomtoka. Akatikisa kichwa.

"Vipimo vyetu havikutengenezwa kwa lugha hiyo. Siwezi kupokea majibu yako."

"Basi na mimi siwezi kutia sahihi kwamba amepotewa na akili."

Unanijua nikikasirika. Lakini niliogopa pia, maana huyo ndiye atakayeamua kama nitapata shahada.

Kesho yake profesa alikuja wodini mwenyewe. Akamwekea mzee vipande vya mbao vya rangi, avipange vifanane na picha. Mimi nikatafsiri maagizo. Mzee akapanga polepole kwa mkono wa kushoto, bila kukosea. Profesa akaandika kwenye faili kwamba akili ni nzima, na wiki hiyo hiyo mzee alienda kukaa kwa binti yake.

Taabu yangu ikaanza hapo. Profesa ameniita, anataka niache utafiti niliokaribia kuumaliza, nije Homa Bay na Migori nitengeneze vipimo vya Kijaluo na Kikuria, halafu nirudi huku kuandika. Hiyo ni miaka mingine. Na nilikuahidi huu ndio mwaka wa mwisho. Najua watu wanakuuliza huyu ni mke gani asiyerudi kwake. Nilizunguka mjini nikiwaza mpaka viatu vikalowa. Kisha nikakubali, kabla hata ya kukuuliza.

Usinijibu kwa hasira kwenye karatasi, tafadhali. Nafika mwezi wa nane, shule zikifungwa. Nigombeze uso kwa uso, nitakusikiliza.

Nisalimie mama mkwe, na dada yako anayeuza vitenge Sirare. Ukipata mtu wa kwenda Sindo, kaka yangu ajue niko salama.

Robi mwambie mamake anakuja. Kwamba ataondoka tena, usimwambie bado. Hilo niachie mimi.

Mkeo akupendaye,
Atieno