Majina Kwenye Slaidi ya Kwanza

Jumatatu, 27 Mei

Kikao cha kikundi, mkahawa wa nyuma ya chuo. Laptop tatu nyembamba zenye nembo ya tufaha mezani: yangu, ya Ye-ju, ya kiongozi wetu Gyu-min. Kisha akaingia Kaka Eon-jun na lile lidude lake jeusi. Feni ikaunguruma mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka. Ye-ju akaninong'oneza, eti babu kaja na mashine ya kukoboa mpunga. Nikacheka. Sijui kwa nini, haikuchekesha kivile.

Kaka katuzidi umri sote. Jeshi kwanza, kisha akasimamisha masomo amuuguze mama yake. Karudi kakuta kila kitu kinaandikwa kwenye faili moja la pamoja mtandaoni. Yeye bado anaandika kwake peke yake, akimaliza ndiyo anatuma. Leo kaniambia kampuni moja ya mji wa Ulsan imemkubali kazi, anaanza Julai. Sharti amalize chuo muhula huu. Somo lililobaki ni hili letu! Alikuwa na furaha hata akamwaga kahawa.

Alhamisi, 30 Mei

Gyu-min kafungua historia ya lile faili la pamoja. Kila mtu na rangi yake. Mimi kijani, kurasa na kurasa. Rangi ya Kaka Eon-jun haipo. Hata nukta!

Nikasema mbona alituma sehemu yake jana kwenye grupu. Ye-ju akasema katuma faili la aina ile ya kizamani inayotumiwa na ofisi za serikali, hizi laptop zetu hazilifungui. Tushushe programu nzima kwa ajili ya babu? Gyu-min akasema, "Kama ana shida na teknolojia asome kilimo. Hii shule ya biashara."

Nikarudi kupanga slaidi zangu.

Ijumaa, 31 Mei

Grupu jipya limefunguliwa. Watu watatu. Najua maana yake, kila mwanafunzi hapa anajua. Mtu hafukuzwi, anaachwa tu kwenye grupu la zamani kama kiti kibovu.

Jioni Kaka akaandika kule kwenye grupu la zamani: "Jamani, faili langu limefunguka? Nirekebishe wapi?" Pembeni ya ujumbe ipo ile namba ya watu ambao bado hawajausoma. 3. Nimeusoma ulipochungulia juu ya skrini, sikuugusa. Ningeugusa, namba ingeshuka, angejua kuna mtu.

Jumapili, 2 Juni

Bado 3.

Nimeenda maktaba. Kompyuta za pale kuukuu, zinafungua kila kitu. Faili lake likafunguka mara moja.

Ni zuri. Ni zuri mno! Sisi tuliiambia akili mnemba ituandikie kuhusu maduka ya kuku wa kukaanga na biashara ya mtandaoni, ikatupa maneno matamu. Yeye kazunguka madukani, kaongea na wenye kuku wenyewe. Kuna mama mmoja wa karibu na stesheni, kila agizo la mtandaoni linamtia hasara, na hawezi kujitoa kwa sababu wateja wote wamehamia huko. Jedwali limepangwa vizuri, safi. Sehemu yangu mimi, ukiiminya, hakitoki kitu.

Nimelinakili jedwali lote kwenye slaidi zangu. Nilijiambia nalinakili ili niwaoneshe wenzangu wamrudishe.

Jumanne, 4 Juni

Nimewaonesha. Ye-ju akasema, "Hee! Babu kumbe ana akili." Moyo ukanitulia kidogo. Nikadhani yamekwisha.

Gyu-min akasogeza slaidi juu, chini. Kisha akasema jedwali libaki, linatubeba. Jina hapana. Keshamwambia profesa kwa barua pepe kwamba Eon-jun hajafanya chochote; leo yeye Gyu-min akigeuka kusema kafanya, ataonekana nani? Nikamwambia kuhusu Ulsan. "Da-on, kila mtu ana mambo yake. Alama za ushirikiano najaza mimi. Sitaki kuanza kufikiria na wewe ulifanya nini."

Alitabasamu aliposema. Akaninunulia na keki.

Profesa Seok alishatamka tangu mwanzo: jina lisiloonekana slaidi ya kwanza, sifuri. Slaidi zinatengenezwa kwenye laptop yangu. Jina nimelifuta mimi, kwa vidole vyangu. Naogopa, ndiyo ukweli. Najichukia.

Jumatano, 5 Juni

Darasani. Naandika haya kwenye laptop huku slaidi zikiwa wazi nyuma ya ukurasa huu, watu wadhani natazama hotuba yangu. Kundi la tatu wako mbele. Sisi wa nne.

Kaka Eon-jun amekuja. Na suti! Kola imebana shingo. Kaleta chupa za kinywaji cha vitamini, kampa Ye-ju, kampa Gyu-min, yangu kaifungua kabisa ndiyo akanipa. Ye-ju anatazama dirishani. Gyu-min kasema asante, kaka, bila aibu.

Kaka kaketi kando yangu. Kaniuliza kwa sauti ndogo kama simu zetu ni nzima, maana grupu limekuwa kimya sana. Nikasema mitihani. Akasema ah, ndiyo, poleni, mmechoka. Akaniuliza tena mama wa kuku yumo kwenye slaidi? Yumo, nikamwambia. Akacheka kwa furaha, akasema basi atampigia baadaye amwambie.

Ni jina moja tu. Naweza kuliandika sasa hivi. Gyu-min yuko nyuma yangu, nasikia anapumua.

Wanapiga makofi. Kundi la tatu wanashuka. Profesa anaita la nne.

Waya wa projekta unasumbua. Kaka kasimama, kaushika, anasema jeshini mitambo yote ya mikutano alikuwa anaunganisha yeye. "Nipe laptop, Da-on, wewe tulia, jiandae kuongea."

Kanyoosha mikono yote miwili. Ananisubiri, na slaidi ya kwanza bado haina jina lake, ana—