Moja-Moja, Si Kumi na Moja

Papa,

Salamu sikupi. Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikia, ule unaosema umechoka kuishi peke yako Lubumbashi na unataka kuja kumalizia uzee hapa Johannesburg, kwangu na kwa Mama. "Mwana yangu, munitayarishie chumba kidogo tu," umesema, kwa sauti ile ile tamu. Jibu lako ni hili. Naliandika wazi ili shangazi na wajomba nao walisome, maana najua utawapigia simu wote.

Nilikuwa na miaka tisa ulipotuaga. Ulikaa kwenye kiti cha Mama, begi katikati ya miguu, ukasema: "Minaenda Japon, miaka mbili, kusoma ndeke." Kwetu ndege ni ndeke, iwe ya manyoya au ya chuma. Kampuni yenu ilikuwa imeagiza ndege za Kijapani zilizokwisha kutumika, zile zenye pangaboi mbili, na eti wewe ulichaguliwa ukajifunze kuzitengeneza huko huko zilikozaliwa. Mtaa mzima ulikuja kukupa mkono. Mimi niliringa shuleni mpaka nikachapwa.

Uliporudi ulinifanya niipende ndege ile. Hilo nakiri. Ulinikalisha kwenye ngazi ya jikoni ukanisimulia kwamba baada ya vita Wajapani walikatazwa kuunda ndege, na walipoachiwa, mafundi wazee waliowahi kuunda zile za vita wakakusanyika kuchora moja ya abiria. Watu sitini, injini kutoka Uingereza. Ilizunguka nchini mwao ikiwa imebeba mwenge wa Olimpiki. Kisha kiwanda kikala hasara, kikafungwa, na ndege zenyewe hazikufika hata mia mbili. "YS onze," ulisema, kumi na moja kwa Kifaransa chetu, nami nikarudia kama sala. Hizo zilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizokaa nawe. Ndiyo maana nakuchukia sana hivi.

Mwezi uliopita, hapa Braamfontein, idara ya uhandisi ya chuo kikuu ninakofanya ukatibu ilimwalika mzee wa Kijapani, fundi mstaafu, aje kuzungumzia historia ya ndege hiyo hiyo. Matangazo niliyabandika mwenyewe. Nilivaa kitenge kipya. Alipomaliza nikanyoosha mkono, nikasema kwa majivuno kwamba baba yangu aliisomea YS kumi na moja kwenye karakana yao, miaka miwili mizima.

Mzee alitabasamu. "Moja-moja," akasema.

Alieleza kwamba moja ya kwanza ni ya injini waliyoichagua, na ya pili ni ya umbo waliloliteua. Watu wa nje husema kumi na moja, hata Wajapani wenzake, lakini karakanani hakuna aliyeiita hivyo. Nami nikambishia, Papa! Nikamwambia baba yangu anajua anachosema. Akanitazama kwa huruma. "Angekaa nasi hata siku mbili, mama, angerekebishwa." Thandi, mwenzangu wa ofisini, akanivuta kitenge: "Eish, kaa chini."

Nilikaa. Kila ulichonisimulia kilikuwa kweli, kwa sababu ulikisoma kwenye kijitabu. Lakini karatasi inakuonyesha tarakimu mbili tu, haikwambii zinatamkwaje.

Nilikupigia simu siku ile ile. Ulikohoa weee, kisha ukasema, "Ni mambo ya zamani, mwana yangu. Nilikuwa Joburg." Yeoville, kwa mwanamke. Mtaa ambao mimi hupita nikienda saluni! Hukuomba hata radhi. Uliuliza tu kama Mama amesikia.

Sasa tumzungumzie Kabwe, kwa sababu wewe humtaji. Mdogo wangu alikufa kwa surua mwaka wako wa kwanza wa "Japon", akiwa na miaka minne. Wajomba walitaka habari ipelekwe kwenye kampuni yako na maziko yasubiri. Mama alikataa. "Japon ni mbali," alisema. "Tumuzike." Kabwe akazikwa kesho yake, nami kwa miaka thelathini nimekusamehe kwa sababu ya bahari. Kumbe hapakuwa na bahari. Kutoka hapa mpaka Lubumbashi ni basi, Papa. Nalipanda kila Desemba. Ni siku mbili, tatu mipaka ikikorofisha, na unafika ukiwa na vumbi na miguu imevimba, lakini unafika.

Jana nilimweleza Mama yote, maana nisingeweza kukufungia mlango bila yeye kujua sababu. Alikuwa anamenya vitunguu. Nilimsubiri akutukane na nilikuwa tayari kumsaidia. Hakukutukana. Aliuliza tu, wakati ule, kutoka Joburg, mtu angefika nyumbani kwa siku ngapi. Nikamwambia tatu. Akaweka kisu chini, akahesabu kwa vidole, moja, mbili, tatu, akaanza tena.

"Basi tungemungojea," akasema.

Chumba hakipo, Papa. Usije.

Ni mimi,
dada yake Kabwe