Mtani Wangu Mbele ya Kamera

Mdogo wangu Tatu,

Salamu kutoka Tabora, kwenye jua kali na asali tamu. Jana tulipiga sinema katika njia ya zamani ya misafara. Mimi naigiza tajiri wa pwani. Mzee Kasanda, yule mchekeshaji tunayempenda redioni, ni mkuu wa wapagazi. Nilitakiwa kumfokea, lakini kwa jinsi ninavyomstahi, nikawa kama mwalimu anayeita majina darasani. Bwana wa sinema akaonya kwamba nikishindwa tena, nafasi yangu atapewa mwingine.

Kasanda akanisogelea. "Mzaramo, sauti umeiacha baharini? Babu yako alilia njia nzima, babu yangu akambeba juu ya mzigo."

Unajua, Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za misafara, na mtani akikuchokoza hajibiwi kwa adabu. Nikamfokea: "Nyamaza, mla michembe ya viazi vikavu! Babu yako alikula shanga zetu akidhani ni mtama."

Wapagazi wakaangua kicheko. Kumbe kamera haikuzimwa, na yule bwana wa sinema akasema hivyo ndivyo alivyotaka.

Leo Kasanda ameichukua kofia yangu, kama watani wafanyavyo, na anadai nazi ndipo airudishe. Nitumie mbili kwa treni, dada, nami nakuombea afya njema.

Kaka yako,
Mwalimu Sefu